Uzi: Burj Al Arab haina mwamba chini yake. Sasa imeshikwa na nini?

#1 Kikuubo_Mjanja
Wakuu, habari za humu. Jana usiku niliangalia video kuhusu ile hoteli ya Dubai yenye umbo la tanga, Burj Al Arab. Urefu mita 321, ipo baharini, mita 280 kutoka ufukweni, juu ya kisiwa ambacho watu wamekijaza wenyewe. Msimuliaji anasema chini hakukuwa na mwamba wa kukalisha jengo, basi wakalisimamisha mchangani. Mchanga! Usingizi wote ukaniruka.

Huku kwetu Uganda tuna murram ngumu hadi sururu inadunda, na bado tunasikia ghorofa imelala na mafundi ndani. Mwaka 2004 pale Bwebajja, barabara ya Entebbe, hoteli iliyokuwa bado inajengwa iliporomoka ikaua watu 11. Haikuwa na mita 321, wala hakukuwa na bahari inayoipiga ubavuni.

Nauliza mainjinia na mafundi wa humu: ile ya Dubai imeshikwa na nini? Na mtu asiniambie pesa.

#2 Busia_Mpakani
Pesa.

#3 Boda_Ntinda
Hahaha, uzi umekwisha. Tukalale.

#4 Injinia_Kyambogo
Busia, hebu kaa pembeni kwanza.

Kikuubo, jibu fupi ni msuguano. Chini ya hoteli ile kuna nguzo za zege 230, kila moja mita 40, zimezamishwa kwenye mchanga. Saiti tunaziita paili. Wengi wanadhani paili lazima ishuke hadi ikute mwamba iukalie. Si lazima. Mchanga unaibana pembeni kuanzia juu hadi chini, na ule mbano ukiujumlisha wote unabeba jengo. Nenda Ggaba uangalie mti ambao wavuvi wameupigilia kwenye tope la ziwa wafungie mitumbwi. Chini hamna jiwe, lakini jaribu kuuzamisha zaidi, au kuung'oa, utaniambia.

Tupige hesabu ya kienyeji. Mradi ulikula zege mita za ujazo 70,000 na chuma tani 9,000. Mita moja ya ujazo ya zege ina kama tani 2.4, kwa hiyo zege ni tani 168,000. Tia chuma, tani 177,000. Gawa kwa paili 230, kila moja inabeba kama tani 770. Tuchukulie kipenyo ni mita 1.5 (hicho nimekiweka mimi kwa ajili ya hesabu). Ubavu wote wa paili, kwa mita 40, ni mita za mraba 188. Gawa 770 kwa 188, unapata tani 4 na kidogo kwa kila mita ya mraba. Mchanga ulioshindiliwa vizuri hauogopi mzigo huo.

#5 Nondo_Y16
Injinia, heshima yako. Mimi ni mfunga nondo tu, sina digrii, ila hesabu yako imegawa mzigo kama watu wanavyogawana chapati. Jengo lile lipo baharini na upepo unalisukuma. Upepo ukitoka baharini, paili za upande mmoja zinakandamizwa na za upande wa pili zinavutwa juu. Kwa hiyo kuna paili inabeba zaidi ya tani 770 zako, na kuna nyingine siku hiyo inashikilia jengo lisinyanyuke.

Halafu kwa kipenyo chako, paili peke yake zinakula zege mita za ujazo 16,000 na ushee. Kama zimo ndani ya zile 70,000, umezihesabu kama mzigo wa juu na huku ziko ardhini.

#6 Injinia_Kyambogo
Ndiyo maana nikasema ya kienyeji, ssebo. Lakini umegusa kitu kizuri. Lile la kuvuta juu haliletwi na upepo tu. Hoteli ina ghorofa za chini ambazo zipo chini ya usawa wa bahari. Maji yanataka kuliinua sanduku lile kama yanavyoinua chombo chochote. Msuguano uleule unaozuia jengo lisizame ndio unaozuia lisiinuliwe. Paili moja, kazi mbili.

#7 Afande_Jumeirah
Niongeze la kuona kwa macho. Nimefanya kyeyo, yaani kazi za ughaibuni, huko Dubai, ulinzi, kwenye jengo linalotazamana na ufuo wa Jumeirah. (Wakala aliyenipeleka simtaji, yeye na Mungu wake.) Zamu nzima hoteli ile ipo mbele yangu.

Kilichonishangaza ni kingo za kisiwa. Ukiwa mbali unadhani ni mawe. Siyo mawe, ni mablok makubwa ya zege yenye matundu, yamepangwa kwenye mteremko. Bahari ikichafuka, wimbi likipiga ukuta wa kawaida maji yanaruka hadi yanamwagikia watu barabarani. Pale wimbi linaingia kwenye matundu, linajizungusha humo, linatoka povu tu. Mhindi mmoja wa zamu yangu, aliyewahi kufanya kazi za saiti, ndiye aliyenieleza: wenye mradi walitaka kisiwa kiwe chini ili hoteli ionekane inatoka majini, na kuta ndefu za mawe zingeharibu sura hiyo. Kisiwa kimeinuka mita kama 7 tu juu ya maji.

Kuingia ndani msiniulize. Darajani pale hata ukinyoosha sare haikusaidii.

#8 Busia_Mpakani
Kwa hiyo wamenunua hadi mawe yenye matundu. Nasimama na #2.

#9 Mama_Kokoto
Hamjambo wanangu. Mimi nauza mchanga na kokoto hapa Mukono, nizungumze ninalolijua.

Mnasifu mchanga wa Dubai uliobeba hoteli, mbona hamuulizi mchanga unaoingia ndani ya zege la hapa? Ule wa Lwera ukiwa msafi ni mchanga haswa. Lakini kuna lori zinakuja na mchanga nusu udongo. Chukua chupa ya kioo, tia mchanga hadi nusu, jaza maji, tikisa, weka chini uende ukapike. Ukirudi, mchanga umekaa chini na udongo umekaa juu yake kama malai. Ukiona tabaka hilo ni nene, simenti yako itashikana na udongo badala ya mchanga. Mimi chupa hiyo ninayo dukani. Kuna kontrakta nilimwonyesha, akaniambia, "Nyabo, wewe pakia tu." Nikampakia. Pesa ni yake, jengo ni lake. Nilijua linajengwa wapi na sijawahi kupanda ngazi zake.

#10 Boda_Ntinda
Mama, taja mtaa tukwepe!

#11 Mama_Kokoto
Sitaji. Nina watoto wa kusomesha.

#12 Nondo_Y16
Mama amesema kweli, ila mimi naona maji yanaua zaidi ya udongo. Zege likiwa zito vijana hawapendi, halisukumiki, halijipenyezi kati ya nondo. Dawa yao ni jerikeni. Anamimina, zege linateleza kama uji, kila mtu anafurahi, mwenye nyumba anapiga picha. Likikauka, maji yale yameacha vitundu ndani, na nguvu imekwenda nayo.

Halafu kuna miti ya kalitunsi (mikaratusi) ya kushikilia slabu, ile sakafu ya zege, mpaka ikauke. Kontrakta ana seti moja ya miti kwa jengo zima, kwa hiyo anaitoa chini mapema ili aipandishe ghorofa inayofuata. Zege linapimwa nguvu siku ya 7 na ya 28. Yeye anang'oa siku anayotaka.

#13 Kikuubo_Mjanja
Asanteni. Ila mnanichanganya. Mmoja anasema paili, mwingine upepo, mwingine udongo, mwingine maji. Dubai ina joto la kufa mtu, zege lao halikauki vibaya?

#14 Injinia_Kyambogo
Huko kwenye joto wanamwaga zege usiku, na wanatia barafu mahali pa sehemu ya maji. Burj Khalifa, ile ghorofa ndefu ya Dubai, ilifanyiwa hivyo kiangazi.

#15 Mwamba_wa_Tororo
Nimesoma tangu mwanzo. Kazi yangu ni jiolojia, na hapo kwenye "mchanga" mnapita haraka mno.

Mchanga wa Ghuba si huu wetu. Huu wetu kwa wingi ni chembe za kwatzi, ngumu. Ule kwa wingi ni wa chokaa, vipande vya kombe na matumbawe vilivyosagika. Ukipigilia nguzo kwa nyundo ndani ya mchanga wa namna hiyo, chembe zinavunjika, mbano unapungua. Waaustralia waliona cha moto mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwenye mtambo wa gesi wa North Rankin: paili zilishuka kirahisi kuliko hesabu zote, ikabidi msingi uimarishwe upya kwa gharama kubwa. Kwa hiyo "mchanga ulioshindiliwa vizuri" wa Injinia hautoshi. Inategemea ni mchanga gani na paili imeingizwaje.

Na kukosa mwamba mgumu karibu hakufanyi chini kuwe vumbi mpaka kuzimu. Dubai ina matabaka ya mchanga uliogandamana ukawa mwamba dhaifu. Burj Khalifa imekaa kwenye mwamba wa namna hiyo, paili 192 za kipenyo cha mita 1.5, urefu kama mita 50, na hata pale mzigo mkubwa unachukuliwa na ubavu wa paili. Mimi naamini siri ya hoteli ya tanga ni urefu: mita 40 zinapita tabaka za juu zote zenye wasiwasi.

#16 Injinia_Kyambogo
Mwamba, nakubali kuhusu chokaa, sikubali kuhusu siri. Urefu bila idadi haukusaidii. Weka paili 50 za mita 40 uone.

#17 Mwamba_wa_Tororo
Na idadi bila urefu je? Weka paili 1,000 za mita 5 kwenye mchanga wenye maji, kisha ardhi itikisike.

#18 Afande_Jumeirah
Ardhi ilitikisika! Aprili 2013, tetemeko la Iran, Dubai nzima tulilisikia. Watu walishuka kwenye maghorofa na laptopu mikononi, wengine pekupeku. Mimi nililiangalia tanga lile nikasema leo ndiyo leo. Halikufanya kitu.

#19 Mwamba_wa_Tororo
Iran ni mbali, kilichofika Dubai ni mtikisiko wa polepole tu. Lakini ndiyo hatari ninayoisema. Mchanga uliojaa maji ukitikiswa kwa nguvu, maji kati ya chembe yanabanwa, chembe zinaachana, na kwa muda ule mchanga unakuwa kama majimaji. Msuguano wote alioujumlisha Injinia #4 unapotea kwenye tabaka hilo. Paili ndefu inaendelea kushikwa kule chini ambako hakujalegea.

Na tusijifanye Uganda haituhusu. Tetemeko la Toro, Machi 1966. Fort Portal tena 1994. La Bukoba Septemba 2016, kipimo 5.9, lilisikika hadi Kampala.

#20 Mzee_Bombo
Nalikumbuka la 1966, nilikuwa mtoto. Wakati huo ile hoteli mnayoiita Sheraton ilikuwa haijafunguliwa bado. Ilikuja kuitwa Apolo, jina la Obote. Amin alipokuja akaigeuza Kampala International. Baba alipata kazi ya ulinzi pale, nikipelekwa jioni nikamsubiri, naona taa za juu nadhani ni nyota zimeshuka. Jengo lile limeona serikali ngapi? Limeona vita. Limesimama mlimani Nakasero, chini yake ardhi ya mlima. Wazee wetu wa Kinubi walisema mwenye kujenga bondeni ajenge na mtumbwi.

#21 Boda_Ntinda
Mzee umetupeleka mbali sana, shikamoo.

#22 Mzee_Bombo
Marahaba.

#23 Wandegeya_Finest
Nyie mnazungumza mchanga, mmesahau kwamba Agassi na Federer walicheza tenisi juu ya hoteli hiyo, kwenye kiwanja cha helikopta, mita 210 angani, mwaka 2005. Swali la msingi: mpira ukitoka nje nani anaufuata?

#24 Boda_Ntinda
Mganda wa kyeyo. Afande, ni wewe?

#25 Afande_Jumeirah
Mshahara ule haukuwa na posho ya kuokota mipira.

#26 Wandegeya_Finest
Na hizo mita 321 mnazozisifu zina ulaghai ndani. Baraza la kimataifa la majengo marefu liliwahi kupima mwaka 2013 ni kiasi gani cha jengo hakikaliwi na mtu, ni ncha na mapambo tu. Burj Al Arab iliongoza: mita 124, yaani asilimia 39, ni urembo. Toa urembo, unabaki na jengo la mita 197. Hapo sasa siri yenu ya paili inakuwa ndogo.

#27 Nondo_Y16
Hapana. Urembo haukaliwi, lakini upepo unaupiga vilevile. Upepo haujui kama ndani kuna kitanda. Mlingoti mrefu juu ya jengo ni mkono mrefu wa kulisukumia. Kwa mtu wa msingi, hizo mita 124 ni mzigo, siyo punguzo.

#28 Injinia_Kyambogo
Nondo leo umeamka vizuri.

Kuna jingine hapo. Upepo ukipita pembeni ya kitu kirefu unaachia mizunguko, mara kushoto mara kulia, kwa mpigo. Mpigo huo ukilingana na mpigo wa asili wa chuma chenyewe, mtikisiko unakua kila raundi. Kwenye hoteli ile waliweka vizito vinavyoning'inia ndani ya sehemu za chuma. Chuma kikienda kushoto, kizito kinachelewa, kinavuta kulia. Kinakula mtikisiko.

Na msisahau ile mikono mikubwa ya chuma ya mshazari iliyo nje ya jengo. Ndiyo inayozifunga mbawa mbili za zege zilizopangwa kama V zisichezecheze. Katikati ya V kuna uwazi wa ndani wa mita 180, na mbele umezibwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa Teflon. Tanga lenyewe ni kitambaa! Ungeweka ukuta wa zege pale, uzito wa mbele ungekuwa habari nyingine.

#29 Kikuubo_Mjanja
Chuma nje, kwenye jua lile? Hakitanuki?

#30 Injinia_Kyambogo
Kinatanuka. Mhimili wa mita 80 ukipata tofauti ya nyuzi 25 kati ya alfajiri na mchana unarefuka kama milimita 24. Asubuhi tundu la pini limekaa sawa, mchana limekwepa. Kwa hiyo kazi ya kuunganisha vipande vile inapangwa kwa kuangalia saa na joto, na kiungo chenyewe lazima kiwe na nafasi ya kurekebisha.

#31 Dada_Mchoraji
Salaam. Kazi yangu ni kuchora plani za miundo. Nimengoja mtu aguse viungo, kwa sababu hoteli ndefu haziangushwi na mchanga. Zinaangushwa na viungo.

Someni Hyatt Regency ya Kansas City, Marekani. Hoteli ya ghorofa 40, ilikuwa na mwaka mmoja na siku chache tu tangu ifunguliwe. Ukumbini kulikuwa na vijia vilivyoning'inizwa kutoka darini, cha ghorofa ya nne na cha ghorofa ya pili chini yake. Mchoro wa kwanza ulikuwa na fimbo moja ndefu ya chuma kutoka darini, inapita kwenye kijia cha juu, inaendelea hadi cha chini. Kila kijia kinakaa kwenye nati yake, kila nati inabeba kijia kimoja. Watengenezaji wakaona fimbo ndefu hivyo kuitia nyuzi za nati ni usumbufu. Wakaomba zigawanywe: fimbo moja kutoka darini hadi kijia cha juu, na fimbo nyingine ianzie kwenye kijia cha juu ishuke hadi cha chini.

Kwenye karatasi utaona kitu kilekile. Chuma kilekile, urefu uleule. Lakini sasa kijia cha chini kinaning'inia kwenye mhimili wa kijia cha juu, na nati iliyo chini ya mhimili ule inabeba vyote viwili. Mzigo mara mbili. Badiliko likapitishwa bila hesabu mpya ya kiungo. Tarehe 17 Julai 1981 watu walikuwa wanacheza dansi chini. Nati ikapasua mhimili ikapenya. Watu 114 walikufa.

Mwamba, ardhi ya Kansas City haikuwa na kosa lolote.

#32 Mwamba_wa_Tororo
Dada umenifunga mdomo kwa dakika tano.

#33 Injinia_Kyambogo
Dada, ongeza na hili, maana wengi huishia hapo: wachunguzi walikuta hata ule mchoro wa kwanza, kabla ya kubadilishwa, ulikuwa unamudu asilimia 60 tu ya kiwango cha chini cha sheria ya ujenzi. Badiliko lilikuja juu ya kiungo ambacho tayari kilikuwa dhaifu. Wahandisi wawili walinyang'anywa leseni katika jimbo la Missouri.

#34 Dada_Mchoraji
Ni kweli. Lakini bila badiliko pengine vingebaki vimening'inia usiku ule.

#35 Injinia_Kyambogo
Pengine. Na siku nyingine je, kijia kikijaa watu?

#36 Nondo_Y16
Hili la Dada linanihusu. Nilikuwa kwenye jengo moja, mtaa nauacha. Plani inasema ringi za nguzo kila milimita 150. Tumefika ghorofa ya pili, msimamizi anasema weka kila 250, nondo zinakwisha. Nikamuuliza injinia anajua? Akasema injinia atakuja Ijumaa. Zege likamwagwa Jumatano. Ijumaa injinia anakuja, anaona nguzo nzuri, imenyooka, imepigwa plasta hadi inang'aa. Ataona nini? Ringi ndizo zinazozuia nondo za wima zisipinde kwenda nje nguzo ikielemewa. Na vile vipande vya zege vya kuinulia nondo, biskuti, vilikuwa vimeisha, tukaweka vijiwe. Nondo ziligusa mbao za fomu kabisa.

Jengo lipo hadi leo, lina saluni na benki ya simu. Ndiyo maana watu hawaamini mafundi tukilalamika.

#37 Busia_Mpakani
"Nondo zinakwisha." Kwa nini zinakwisha? Narudi #2, mnisome taratibu.

#38 Mama_Kokoto
Busia, kuna wenye pesa wanaojenga vibaya. Mimi ndiye ninayewauzia.

#39 Injinia_Kyambogo
Kwenye hilo nipo na Mama. Hotel New World ya Singapore, ghorofa sita, ilianguka Machi 1986, watu 33 wakafa. Uchunguzi ulikuta aliyelipiga hesabu jengo alihesabu watu, samani na vitu vitakavyoingia, akasahau uzito wa jengo lenyewe. Miaka yote lile jengo lilikuwa linajibeba kwa bahati. Halafu wakaongeza vitu juu. Singapore haikukosa pesa.

#40 Wandegeya_Finest
Alisahau jengo?! Kama boda anayehesabu abiria akasahau kwamba naye amekaa.

#41 Boda_Ntinda
Sisi hatusahau. Tunajua tuko wanne.

#42 Binti_Arua
Tuna sheria ya udhibiti wa ujenzi ya 2013 na bodi ya kitaifa ya kukagua majengo. Kwa nini hakuna aliyeitaja tangu #1? Dubai fundi hawezi kubadili nafasi ya ringi Jumatano, kwa sababu zege halimwagwi mpaka mkaguzi wa nje aweke sahihi. Siri ni huyo mkaguzi. Paili ni matokeo yake.

#43 Afande_Jumeirah
Dada yangu, Dubai pia ina mafundi wanaokwepa. Nimeishi nao kambini. Tofauti ni kwamba hoteli ile ilitazamwa na dunia nzima tangu jiwe la kwanza, na kisiwa peke yake kilichukua muda sawa na hoteli nzima. Nani hapa atakaa miaka mitatu anamwaga mawe kabla hajaona ghorofa?

#44 Kikuubo_Mjanja
Wakuu, nimejifunza sana. Sasa niseme kilicholeta uzi. Nina ploti upande wa Kira, chini kidogo, karibu na bonde. Nataka kupandisha ghorofa tatu, duka chini. Fundi wangu anasema tuchimbe futi nne tumwage mawe tuanze. Nilipoona hoteli ya mchangani nikafikiri, kama wao wameweza baharini, mimi na bonde langu...

#45 Nondo_Y16
Ahaaa!

#46 Mwamba_wa_Tororo
Nilijua tu. Kikuubo, sikiliza. Chimba mashimo ya majaribio, siyo moja, kwenye pembe na katikati. Kama kwenye futi nne unaona udongo mweusi laini na maji yanajikusanya, mawe ya fundi wako yatazama polepole na upande mmoja utatangulia. Ndipo milango inaanza kugoma.

#47 Injinia_Kyambogo
Kwa ghorofa tatu si lazima paili. Msingi wa slabu moja nene chini ya jengo lote, wenye nondo za kutosha, unaweza kutosha kama tope si nene sana. Lakini kwanza ripoti ya udongo.

#48 Mwamba_wa_Tororo
Slabu juu ya tope inazama pamoja na jengo. Kama tope ni nene, aende paili.

#49 Injinia_Kyambogo
Bei ya paili unaijua wewe? Mashine peke yake ikitoka Kampala hadi Kira...

#50 Busia_Mpakani
Nasikia harufu ya #2.

#51 Binti_Arua
Kabla ya slabu na paili: hilo bonde ni la nani? Mlisikia ya Lubigi 2024, NEMA, mamlaka ya mazingira, walivyobomoa nyumba za watu kwenye ardhi oevu. Kikuubo, una kibali?

#52 Kikuubo_Mjanja
Nina makubaliano ya mauziano, yamepigwa muhuri na LC, serikali ya mtaa.

#53 Dada_Mchoraji
Muhuri wa LC hauzuii tingatinga. Nitumie vipimo vya ploti inbox na picha ya mahali maji yanapofika mvua za Aprili, nikuambie kama kuna haja hata ya kuanza kuchora.

#54 Mama_Kokoto
Na fundi wako umwambie aje na chupa.